Bibi Avute, Bi Harusi Asukume

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia sabuni kabla hujalisoma, nakufupishia, maana aibu yangu haihitaji maneno mengi.

Mimi ni dereva wa mizigo mizito. Miaka thelathini na moja nimeendesha kichwa kimoja cha lori, ambacho uani kwetu kinaitwa Bibi. Injini yake ni chuma, mafuta na moto, basi. Waya anazozijua ni za taa na honi. Akiumwa anakwambia palepale: anakohoa, anatetemeka, anatoa moshi mweupe, nawe unashuka na spana mbili unamtibu kando ya barabara.

Kisha tajiri akaleta lori jipya. Lilifika limefungwa nailoni toka taa za mbele hadi za nyuma, tukaliita Bi Harusi. Na usukani wake akapewa nani? Mume wa binti yangu. Kijana mwenye kucha safi, anayetibu gari kwa kuchomeka kompyuta na kuisoma kama anasoma barua ya posa. Mimi humwita Bwana Vitufe. Yeye huniita baba.

Wiki jana tuliishia machimboni, kwenye jaribio. Tela lile lile, mawe yale yale, mlima ule ule. Bibi alipanda kwa dakika kumi na moja, mimi nikibadilisha gia mpaka bega likaniuma, na moshi mweusi ukawafunika wapasua kokoto. Bi Harusi alipanda kwa dakika nne. Bwana Vitufe alishika usukani kwa mkono mmoja, na injini haikupandisha hata sauti.

Tajiri akatangaza mbele ya watu wote kwamba tukishafikisha transfoma ya kituo cha umeme, Bibi anauzwa chuma chakavu, na mimi nitapewa kiti cha getini na filimbi.

Filimbi. Mimi.

Sasa sikiliza niliyoyafanya.

Kwanza niseme ukweli ambao wiki jana niliuzungukazunguka. Injini mpya inavuta zaidi. Inashika uzito kutoka chini kabisa, pale ambapo Bibi lazima kwanza abembelezwe, akanyagwe, ashushwe gia mbili na kutukanwa kidogo. Ikiteremka, inalizuia tela yenyewe, dereva hajagusa breki. Niliyajua hayo siku ya kwanza nilipoisikia ikinguruma, na ndiyo sababu niliichukia. Ingekuwa mbovu ningeidharau tu na kupita.

Ila ilikuwa na udhaifu mmoja ulionichekesha sana. Lori hilo lina matangi mawili. Kubwa ni la dizeli. Dogo lina kifuniko cha buluu, na humo hutiwa dawa ya kusafisha moshi. Kusafisha moshi, ndugu msomaji. Lori zima la kubeba transfoma, linaogopa kunuka mdomo.

Mkwe aliwahi kunieleza, kwa upole ule wake wa kuudhi.

"Baba, dawa ikiwa mbovu injini inanusa. Inajipunguzia nguvu yenyewe."

"Kwa hiyo inasusa."

"Inajilinda."

"Na mke akisusa, naye anajilinda?"

Akacheka. Mkwe wangu hucheka hata anapotukanwa, na hapo hamu ya kumtukana huniisha.

Siku moja kabla ya safari, saa saba mchana, watu wote wakiwa kwenye chakula, nilichukua ndoo ya maji ya bomba nikaimimina katika tangi lenye kifuniko cha buluu. Nilifanya taratibu, bila kumwaga hata tone. Mzee mzima.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Asubuhi wataiwasha, itakohoa mbele ya tajiri kabla haijafungwa kwenye mzigo. Bwana Vitufe atachomeka kompyuta yake na kutoka jasho. Tajiri atanigeukia na kusema, mzee, mlete Bibi. Hakuna mtu wa kuumia, isipokuwa kiburi cha kijana mmoja.

Bibi ukimtia maji hafiki getini. Nilidhani na hii ni hivyo hivyo. Nilipima injini ya leo kwa kipimo cha injini ya jana, na hilo ndilo kosa lililonifikisha nilipo.

Asubuhi Bi Harusi akawaka mara moja, laini, bila taa hata moja ya lawama.

Nilisimama na kikombe changu cha chai, nikajihisi nimetukanwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikajibu kwa pembe ya mdomo.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka. Lori lako je?"

"Halijambo kabisa." Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida yake. Nilidhani ni ule ujinga wake wa kila siku.

Nikajiambia ndoo moja haikutosha. Lori lenye makuu kama hili linataka dozi kubwa. Wakati wenzangu wanakaza minyororo ya mzigo, nikajitia nakagua matairi, nikamimina tena. Chupa mbili kubwa za maji ya kunywa, mpaka tone la mwisho.

Nieleze kidogo tulivyojipanga, vinginevyo hutaelewa kilichofuata. Transfoma ilikuwa na tani tisini. Pamoja na tela, tani mia moja na arobaini. Lori moja haliwezi kupandisha uzito huo, liwe la zamani au la juzi. Kwa hiyo Bibi angekuwa mbele avute, Bi Harusi nyuma asukume, wote wawili wamefungwa kwenye tela kwa mihimili ya chuma. Mbele yetu sote ni gari dogo la kuongoza msafara, na dereva wake ni binti yangu.

Ndiyo, binti yangu. Kazi yake ni kusimamisha magari mengine na kuzungumza nasi kwa redio. Mapenzi yao na Bwana Vitufe yalianzia kwenye redio hiyo, masikio yangu yakisikia kila neno, nami nikidhani wanajadili upana wa madaraja.

Basi tajiri akaja, na viatu vyake visivyojua tope. Magari ameyarithi kwa baba yake, na bado huyagonga tairi kwa ncha ya kiatu kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Mzee," akasema, "leo utapanda Bi Harusi. Mkwe wako atamchukua Bibi."

Chai ilinipalia.

"Mimi nipande hilo?"

"Wewe. Kuna tatizo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hata mtoto angeona. Ningesema, tungemwaga yale maji, tungechelewa saa moja, ningefukuzwa kazi, yangekwisha. Lakini mkwe alikuwa amesimama pembeni ya tajiri, kofia mkononi, ananitazama kama mtu anayesubiri jambo. Nikaona anasubiri niseme siwezi. Damu ikanichemka.

"Hakuna tatizo," nikasema. "Ni lori tu. Hata kasuku akifundishwa vitufe ataliendesha."

Mkwe aliinamisha kichwa. Akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Mimi nikaupokea kwa mmoja.

"Baba, kuna jambo moja kuhusu hii injini, ukiwa mlimani..."

"Nilikuwa naendesha mlimani kabla hujaota meno."

Akarudi nyuma hatua moja. Na mimi nikapanda.

Ndani kulinuka upya. Hakuna kanyagio la klachi. Hakuna fimbo ya gia, kuna kitufe cha mviringo, unakizungusha kwa vidole viwili kama cha kufungulia redio. Kiti kinapanda na kushuka chenyewe kwa upepo. Nilisonya peke yangu, maana sikuwa na wa kumsonyea.

Kilomita ishirini za kwanza ni tambarare. Mbele yangu sikuona kitu ila mgongo wa transfoma, kijivu, mpana kuliko nyumba yangu. Ila nilimsikia Bibi. Kila mkwe alipobadilisha gia ilikwaruza, nami kila ilipokwaruza nilitabasamu.

"Nyuma, hali?" Hiyo ni sauti ya binti yangu redioni.

"Nzuri."

"Mbele?"

"Bibi ana joto kidogo," mkwe akajibu, "lakini ananisikiliza."

Ananisikiliza! Miaka thelathini na moja nimemlea, leo anamsikiliza mtu wa kompyuta. Niliudhika kuliko ninavyoweza kuandika gazetini.

Tulipokaribia mlima, ikalia tingi, kengele ndogo ya adabu. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano yenye picha ya tangi.

Niliitazama. Ilinitazama. Nikachukua kitambaa changu cha jasho nikakitupa juu yake.

"Nyuma, mlima unaanza," binti yangu akasema. "Uko sawa, baba?"

"Niko sawa."

Hii ilikuwa mara ya pili nafasi ya kusema inanipita. Zihesabu mwenyewe, mimi nilikwisha acha.

Na sasa nakiri jambo ambalo hata mama watoto sijamwambia. Kwa dakika sita za kwanza za mlima ule, niliendesha injini bora kuliko zote nilizowahi kushika. Nilikanyaga, na mzigo ukaenda. Sikubadilisha kitu, yenyewe ilichagua gia, ikashika, ikasukuma, wala haikupiga kelele. Tani mia moja na arobaini zilikuwa zinapanda nami nikiwa nimekaa kitako. Nilimsikia Bibi mbele akihangaika kwa nguvu zake zote, na nikajua kwamba tunayembeba ni yeye pia. Nilitaka kulia kwa wivu. Maisha yangu yote nimeuza bega langu la kulia kwa gia, kumbe kuna watu wamekaa ofisini wakatengeneza hii.

Kisha tukafika kwenye kona kali.

Tingi. Tingi. Tingi. Nikaondoa kitambaa. Taa ilikuwa nyekundu.

Haikukohoa. Haikutetemeka. Ilikuwa bado inanguruma vizuri kabisa, ila ilikuwa haisukumi tena kama mwanzo, kama yule mtu anayesaidia kusukuma gari bovu huku ameweka viganja tu. Nilikanyaga mpaka sakafuni. Ikanipa kidogo ilichotaka kunipa.

"Nyuma," mkwe akasema, "nisukume."

"Nakanyaga."

"Sikusikii, baba. Nimebaki peke yangu."

Moshi wa Bibi ulifunika kona nzima. Mwendo ukawa wa mtembea kwa miguu, kisha wa kobe, kisha hakuna.

Chini ya kona ile ni nyumba za watu. Niliziona kwenye kioo cha pembeni: nguo zimeanikwa, mwanamke anafagia ua, mtu yuko juu ya ngazi anapaka ukuta rangi. Hakuna aliyekuwa akitazama juu.

"Tumesimama," mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Breki za tela zinashika. Ila tela hili ni la zamani, upepo ukiisha breki zinaachia, na naona upepo unashuka. Kuna mpira wa upepo umepasuka mahali. Nina dakika chache. Baba, Bi Harusi ana nini?"

Tajiri, aliyekuwa amepanda gari la binti yangu, akaingia kwa redio yake. "Mzee, taa gani inawaka huko?"

"Sijui," nikasema. "Taa tu zinawaka. Niliwaambia toka mwanzo injini hizi ni takataka."

Hata mlimani, ndugu msomaji. Hata na tani mia moja na arobaini puani, bado nilikuwa na kinywa cha kudharau.

"Ni picha ya tangi?" mkwe akauliza. "Tangi dogo?"

Nikakirudisha kitambaa juu ya taa.

"Baba." Alizungumza polepole, kama mtu anayemshusha mgonjwa ngazi. "Yale maji ya jana niliyamwaga. Nilikuwa kwenye chumba cha vipuri, nilikuona. Nikaosha tangi, nikajaza dawa mpya, na sikumwambia mtu. Kwa hiyo si hayo. Nahitaji kujua ni kitu gani kingine, ili nijue la kufanya."

Redio ilikuwa wazi kwa wote. Nilijua tajiri amesikia. Nilijua binti yangu amesikia.

"Maji gani?" tajiri akauliza.

Nilijihisi mdogo mpaka kile kiti kikawa kikubwa. Kijana alikuwa ananiona asubuhi ile nikimuuliza habari za lori lake, anajua, na ananiamkia. Alisimama na kofia mkononi akinisubiri nikiri mwenyewe, kwa heshima yangu, na mimi nikamwita kasuku.

"Baba," sasa alikuwa binti yangu. "Unajua ni nani aliyeomba mbadilishane magari leo?"

Nikaishika redio.

"Ni yeye. Alimfuata tajiri jana jioni, akamwomba akupe Bi Harusi, ili aone kwamba unaiweza na asikupeleke getini. Alikupa kiti chake. Mjibu mume wangu."

Binti yangu hajawahi kuzungumza nami kwa sauti ile. Nilishtuka, kisha nikaitambua. Ni sauti ninayoitumia mimi kwa mumewe, kila siku, mbele ya watu.

Nikabonyeza kitufe.

"Nilitia tena," nikasema. "Leo asubuhi. Chupa mbili. Wewe ulikuwa kwenye minyororo."

Sikusikia ila Bibi, anavyopumua mbele ya transfoma.

Nataka uelewe nilikuwa katika hali gani wakati ule. Mdomo ulikuwa unakiri, lakini mwili ni wa dereva, na mwili wa dereva haungoji mdomo umalize. Miaka thelathini na moja ina mazoea yake. Ukikwama mlimani na lori la zamani, na breki huziamini, unalizima likiwa ndani ya gia. Injini iliyozimwa haizunguki kirahisi, inayakamata magurudumu, na lori linaning'inia palepale hata saa nzima. Jambo hilo limeniokoa mara tatu. Madereva wa rika langu hatulifikirii, tunalifanya tu, kama mtu anavyofumba macho akirushiwa mchanga.

"Sawa, baba," mkwe akasema. Sikusikia hasira, na afadhali ningeisikia. "Nashukuru umesema. Nisikilize vizuri, bado tunaweza. Nguvu iliyobaki haitoshi kupanda, lakini inatosha kutushikilia tusirudi, mpaka niteremke niuzibe huu mpira. Iache gia ilipo, kanyaga kidogo, tulia hapo hapo."

"Sawa," nikasema. Hilo lilikuwa neno la kwanza la adabu nililowahi kumpa.

"Kuna jambo moja tu, lile nililotaka kukwambia asubuhi. Usiizime injini. Hii si Bibi. Ukiizima, gia inajiachia yenyewe, haishiki kitu. Na ukiiwasha tena haitakupa hata robo ya nguvu. Chochote utakachofanya, usiizime. Umenielewa, baba?"

Nilimwelewa. Nilimwelewa kila neno, kwa sababu ndani ya kile chumba hapakuwa na kelele yoyote ya kunizuia kusikia.

Nikautazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa kwenye ufunguo, na sikumbuki kuupeleka huko. Ufunguo ulikuwa umekwisha geuka.

"Baba?"

Nikaugeuza tena kuiwasha, lakini breki zilikuwa zimekwisha achia na injini haikushika kitu, nikabonyeza redio, nikasema, "Mwanangu, shuka kwenye Bibi, ruka." Kwenye kioo cha pembeni, yule aliyekuwa akipaka ukuta rangi alikuwa amegeuka juu ya ngazi yake, anatutazama, na alikuwa anakaribia.